Usikate Pete ya Mwanga

Somo: 1 Wakorintho 12:12–26



Leo tujifunze kutoka kwa gari. Chukua Mercedes S-Class ya mwaka wa 2007. Injini bado ina nguvu, viti vya ngozi bado vinapendeza. Lakini lilitengenezwa kabla ya CarPlay kutolewa mwaka wa 2014 na Android Auto mwaka wa 2015. Sasa mwenyewe anataka ramani ya simu ionekane kwenye skrini ya gari. Hapo hakuna ubaya. Ni afadhali kuliko kuendesha huku ukichungulia simu mapajani.

Shida inaanza akiambiwa, "Toa hiyo redio ya zamani, tuweke mpya." Ndani ya gari hilo, redio, amplifaya na vifaa vingine vya sauti vimeunganishwa kwa nyuzi nyembamba za plastiki zinazopitisha mwanga. Mwanga unatoka kifaa hiki, unaingia kile, mpaka unarudi ulikoanzia. Ni pete. Ukichomoa kifaa kimoja ukaacha nafasi wazi, pete imekatika, na gari zima linanyamaza. Spika ni nzima, amplifaya ni nzima, lakini sauti hakuna. Asiyejua atakimbia kununua spika mpya, na pesa itaenda bure.

Fundi anayeelewa anaiacha redio mahali pake. Anaweka kisanduku kidogo kati ya redio na skrini. Ukibonyeza kitufe, skrini inaonyesha simu. Ukibonyeza tena, unarudi kwa mfumo wa gari. Sauti ya simu inaingilia tundu la AUX, inapita kwa amplifaya ile ile, inatokea kwa spika zile zile. Kipya kimeingia, na pete haijakatwa.

Mwambie jirani yako: "Chunga pete!"

Wapendwa, tumeingiza mambo mapya kanisani, na namshukuru Mungu: kamera, ibada ya mtandaoni, sadaka kwa simu. Mimi nimesomea biashara, siogopi mabadiliko. Lakini tuangalie tumechomoa nani. Kuna mama aliyeongoza maombi ya alfajiri miaka mingi. Matangazo yalipohamia WhatsApp, yeye hana simu ya kuingia huko, na siku hizi hajui tunakutana lini. Kuna mzee aliyekuwa akitembelea wagonjwa. Ratiba ilijazwa bila kuulizwa. Hakuna aliyewafukuza. Tuliwachomoa tu, tukaacha nafasi wazi. Halafu tunauliza, mbona vyombo ni vipya na kanisa limepoa?

Paulo aliwafundisha Wakorintho kwamba kiungo tunachokiona dhaifu, mwili hauwezi kufanya kazi bila hicho.

Nanyi wazee wetu, mkubali kisanduku kikae karibu nanyi. Kijana akija na kitu kipya, msimfungie mlango. Anahitaji spika zenu, nanyi mnahitaji ramani yake.

Kazi ya wiki hii: kila kiongozi wa idara aandike majina ya waliohudumu hapo kabla yake. Tafuta mmoja ambaye hamjaongea kwa muda mrefu. Usimtumie ujumbe, mfikie nyumbani. Muulize, "Mama, siku hizi unatuombea nini?" Kisha nyamaza, umsikilize.

Mungu awabariki. Amina.