Ukielewa Wewe, Mwenzako Je?



Wengi wetu tuliotoka Karatu na Ngorongoro tulikua tukiongea Kiiraqw, Kimaasai au Kidatoga nyumbani. Shule ya msingi tukasoma kwa Kiswahili, sekondari kwa Kiingereza. Ukifika chuoni, mhadhiri anafundisha ukumbi mzima, muda ukiisha anaondoka. Aliyeelewa ameelewa. Asiyeelewa anaogopa kunyoosha mkono, asije akachekwa. Jioni ndipo inapoanza diskasheni: watu watano au sita, ubao mmoja, na yule aliyeelewa anawapigia wenzake pindi kwa Kiswahili mpaka somo linaeleweka.

Swali la leo ni hili: huyo anayefundisha anatoa hisani, au analipa deni? Maana kuna anayesema, "Nimepiga msuli usiku kucha, kwa nini nimpe bure mtu ambaye kesho tutagombea naye kazi ile ile?" Tusimcheke. Ajira ni chache, na hofu yake ni ya kweli.

Lakini tuulize: ulichonacho kichwani kimetoka wapi? Kuna mzazi wa Mang'ola aliyeuza magunia ya vitunguu. Kuna baba wa Endulen aliyepeleka ng'ombe mnadani. Kuna mwalimu aliyebaki darasani baada ya kengele. Mwalimu Nyerere aliwahi kumfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa, ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenzake chakula. Asiporudi, amewasaliti. Bidii ni yako, ndiyo, lakini hukuanza na mikono mitupu. Katika mfano wa talanta (Mt 25:14-30), yule mtumishi hakuiba wala hakupoteza hata senti. Alifukia tu. Na kwa kufukia alihukumiwa.

Hata hivyo, upendo usiokuwa na ukweli unaharibu. Kumpa mwenzako asaimenti yako anakili siyo kumfundisha. Ni kumsaidia kudanganya, na siku ya mtihani utakuwa umemwacha peke yake. Diskasheni nzuri huanza kwa kumuuliza mwenzako amekwama wapi. Kisha unaeleza kidogo, unanyamaza, unampa yeye chaki aeleze. Akiweza kusimama ubaoni bila wewe, hapo umefundisha. Na wewe utagundua kwamba vitu ulivyodhani unavielewa vilikuwa na mashimo. Ndiyo maana anayefundisha mara nyingi hafeli: kila anapoeleza, anasoma upya.

Upande wa pili nao una kazi yake. Wengine tunakubali kupata sapu, hata kudisko, kuliko kumwambia mwenzetu "sijaelewa." Towashi Mwethiopia (Mdo 8:26-40) alikuwa afisa mkubwa wa malkia, lakini Filipo alipomuuliza kama anaelewa anachosoma, hakuona aibu kukiri kwamba anahitaji mtu wa kumwongoza. Akamkaribisha akae naye garini.

Na Mtakatifu Thoma wa Akwino, msimamizi wa shule na vyuo vikuu vya Kikatoliki, anasimuliwa hivi. Alipokuwa mwanafunzi alikuwa mkimya sana, wenzake wakamwita ng'ombe bubu. Mmoja akamhurumia, akajitolea kumrudisha kwenye masomo. Thoma akashukuru, akakaa akafundishwa. Siku moja yule mwalimu wake akakwama katikati ya somo. Thoma akalieleza vizuri kabisa, bila kumwaibisha, na yule kijana akamwomba wabadilishane nafasi. Mmoja alitoa alichokuwa nacho ingawa kilikuwa kidogo. Mwingine alipokea ingawa alikuwa nacho kingi. Ni nani kati yao aliyepoteza?

Wiki hii, kabla ya kufunga daftari, mtafute mmoja wa darasani kwako anayekaa nyuma kimya. Usimwambie "njoo nikufundishe." Mwambie "njoo tusome." Na ukirudi likizo, wapo kidato cha nne parokiani kwenu wanaosubiri mtu wa kuwaelekeza hesabu.

Tuombe: Ee Bwana, uliyekaa na wanafunzi wako ukawaeleza taratibu mambo waliyoshindwa kuyaelewa, utupe moyo wa kufundisha bila majivuno na kufundishwa bila aibu. Amina.

Mtakatifu Thoma wa Akwino, utuombee.