Msimwage Dawa ya Kuku Kwenye Mzinga

Wanangu, jambo hili nimelisema msikitini, nimelisema barazani hapa Ujiji, nimelisema sokoni Mwanga mlipokuja kuuza asali, na naona bado halijaingia. Sauti nayo imeanza kunipungua. Basi nimeona niliandike, mwenye kusoma asome, na asiyeona vizuri asomewe na mjukuu wake.

Mnanijia na maneno mawili kwa pamoja. La kwanza, kwamba nyuki wa fulani walidhoofika, akaenda duka la dawa za mifugo, akauziwa pakiti ya unga wa kutibia kuku, akaukoroga kwenye maji ya sukari na kuumwaga mzingani. La pili, kwamba kijana mmoja aliyesoma chuo cha nyuki Tabora kawaambia siku hizi kuna virusi vinavyotibu nyuki, na mnataka kujua vinauzwa wapi. Yote mawili nitayajibu. Mnivumilie tu, mzee haharakishwi.

Tuanze na ugonjwa, maana anayekimbilia dawa kabla ya kuujua ugonjwa anaipoteza dawa na mgonjwa pia. Upo ugonjwa wa kuoza majana, ule unaoitwa wa Kimarekani. Unaletwa na bakteria aitwaye Paenibacillus larvae. Nyuki mkubwa haumdhuru, unaua watoto. Jana la siku moja likilishwa spora kama kumi tu, yaani bakteria waliolala ndani ya ganda gumu, limekwisha. Spora zinaamka tumboni mwake, bakteria wanazaana, wanalila jana kutoka ndani, na mara nyingi linakufa wakati nyuki wameshakiziba kitundu chake kwa nta. Hapo utaona kifuniko kimebonyea, kimekuwa cheusi, kina tundu. Chukua njiti ya kiberiti, ichomeke ndani, ivute taratibu. Ukiona ute wa kahawia unafuata njiti, unarefuka sentimita mbili au zaidi kabla haujakatika, na harufu ya gundi iliyooza imekupanda puani, umeshaonana nao. Ute huo ukikauka unaacha gamba jeusi lililong'ang'ania chini ya kitundu. Gamba moja tu linaweza kubeba spora bilioni 2.5, na spora hizo zinakaa miaka 35 na kuzidi, ndani ya nta, ndani ya mbao, ndani ya asali, zikingoja jana jingine. Ndiyo maana katika nchi nyingi za wenzetu mzinga uliothibitika kuugua unachimbiwa shimo na kuchomwa moto.

Huku kwetu Mola ametusitiri. Katika miombo ya Uvinza, Kasulu na Kibondo ugonjwa huo haujawa pigo kama lile lililowapata watu wa Marekani na Ulaya. Nyuki wetu ni mkali, na akiona nyumba ina matatizo anahama, anayaacha masega na uchafu wake. Mnamlaumu kwa kuhama, na hasara yake naijua, lakini kuhama huko ni kinga pia. Hata hivyo msijipe matumaini ya kupita kiasi. Mwaka 2009 ugonjwa huu ulizuka Afrika Kusini, katika jimbo la Rasi ya Magharibi. Mwaka huohuo utitiri wa varoa, ambao wazee wetu hawakuujua, ukagunduliwa Kenya na hapa Tanzania. Na ninyi sasa mmeacha mizinga ya magome, jambo ambalo nawashukuru, maana kila gome lilitaka mti mzima ufe, tukaichuna miti hadi milima ikawa mitupu. Lakini mzinga wa kisasa unakaa miaka, masega yanarudishwa humohumo, vifaa vinaazimwa kijiji hadi kijiji. Mlango wa ugonjwa ni huo.

Sasa ile pakiti ya kuku. Mara nyingi ndani yake mna oksitetrasaiklini. Si kwamba haijulikani kwa nyuki. Marekani wameitumia miaka mingi. Imewapa nini? Inawaua bakteria walioamka, spora haizigusi, kwa hiyo ukiacha dawa ugonjwa unarudi. Na huko Marekani wameshapatikana bakteria wa ugonjwa huu ambao dawa za ukoo huo, tetrasaiklini, haziwatishi tena. Kuna jingine lililonihuzunisha zaidi. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas kule Austin waliwapa nyuki wazima tetrasaiklini, kisha wakawarudisha mzingani. Ile dawa ilikuwa imeua bakteria wema wa tumboni, na nyuki waliopewa walibaki hai wachache kuliko wenzao wasiopewa. Yaani unamtibu kwa mkono mmoja na kumwua kwa mwingine.

Ninyi watoto wa ziwani hili mnalielewa bila mwalimu. Mmeona kokoro likivutwa ufukweni: linazoa kuhe, linazoa vifaranga vya samaki, linazoa na mayai. Dawa hizi zinavua kwa kokoro.

Na asali yenyewe? Umoja wa Ulaya haukuruhusu dawa hizi zitumike kwa nyuki, na asali ikikutwa na mabaki yake inakataliwa. Asali ya miombo inanunuliwa kwa usafi wake. Mmoja wenu akichafua ndoo yake, inamiminwa kwenye pipa la chama pamoja na za wenzake, na linalokataliwa ni pipa zima. Sisi Waislamu tuna sura nzima iliyopewa jina la nyuki, ya 16, na humo tumeelezwa kwamba kinywaji kitokacho tumboni mwake kina ponyo kwa watu. Unapata wapi moyo wa kuweka sumu humo?

Lakini hata asali niiache kando. Nataka mkumbuke Kagunga. Mwezi Mei 2015 walishuka pale ndugu zetu kutoka Burundi, maelfu kwa maelfu, kijiji kidogo kilichobanwa kati ya mlima na maji, choo hakuna, maji ya kunywa ni yaleyale ya ziwa. Kipindupindu kikaingia. Waliougua walizidi 3,000, waliokufa walizidi 30. Meli ya Liemba ilipowaleta Kigoma mliona wenyewe watu walivyoshuka. Mgonjwa wa kipindupindu kwanza anarudishiwa maji na chumvi. Aliyezidiwa anapewa na doksisaiklini. Doksisaiklini na hiyo ya kuku ni watoto wa ukoo mmoja. Bakteria wakizoea moja, mara nyingi wanaizoea na nyingine, na usugu huo wanapeana hata wasio wa aina moja. Kipindupindu hakijaliaga ziwa hili. Kila pakiti mnayoimwaga hovyo, iwe kwa kuku au kwa nyuki, mnaipunguza nguvu dawa ambayo kesho mtoto wako ataihitaji akiwa amelala kitandani, macho yameingia ndani. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, wanangu, kuliko bei ya asali.

Haya, tuje kwenye virusi vya yule kijana. Hakudanganya. Bakteria naye ana adui wake, virusi vidogo kuliko yeye mara nyingi sana, ambavyo havimgusi mtu wala nyuki. Wataalamu wanaviita faji. Faji inatua juu ya ngozi ya bakteria, inaing'ang'ania kwa miguu yake, inamdunga na kumwingizia mbegu yake. Ndani kwa ndani bakteria anageuzwa kiwanda cha kutengeneza faji, hadi anapasuka na watoto wa faji wanamwagika nje kutafuta wengine. Bakteria wakiisha, faji nazo hazina pa kuzaliana. Aliyeziita kwa jina hilo ni Félix d'Herelle, mwaka 1917, akiwa Taasisi ya Pasteur ya Paris. Miaka ya 1920 alizipeleka India kupambana na kipindupindu kilekile tunachokijua sisi. Rafiki yake George Eliava akaanzisha taasisi kule Tbilisi, nchi ya Georgia, mwaka 1923, na hadi leo watu wanakwenda kutibiwa huko. Antibiotiki zilipoenea, sehemu kubwa ya dunia ikazisahau faji. Usugu ndio uliowafanya wazikumbuke.

Kwa nyuki, kazi kubwa imefanywa Marekani, katika vyuo vikuu vya Nevada kule Las Vegas na Brigham Young kule Utah, na Ureno katika Chuo Kikuu cha Minho. Wamezitafuta faji za kuoza majana kwenye udongo wa karibu na mizinga, kwenye masega, hata kwenye mafuta ya midomo yaliyotengenezwa kwa nta ya nyuki, wakazipata. Wanazichanganya aina kadhaa, wanazitia kwenye maji ya sukari, nyuki walezi wanazinywa na kuzifikisha kwa majana. Katika majaribio majana mengi yamepona, na kwa kuwa faji inachagua adui wake, bakteria wema wa tumboni wanabaki salama.

Nimefurahi kuyajua hayo katika uzee wangu. Lakini sikilizeni na upande wa pili. Faji haiwezi kuingia kwenye spora iliyolala, kwa hiyo gamba jeusi litabaki na hatari yake. Karibu faji zote zilizopatikana kwa bakteria huyu zina tabia ya kuweza kujilaza ndani yake badala ya kumpasua. Sukari, jua na tumbo la nyuki vinaweza kuziharibu kabla hazijafika. Na juu ya yote, faji ya ugonjwa huu haitibu varoa, haitibu sumu ya mashamba ya tumbaku, haitibu njaa ya kiangazi baada ya msitu kuchomwa moto. Nyuki wengi mnaosema wanaumwa, wana njaa. Duka linalouza faji za nyuki hapa Tanzania halipo, na atakayekuja na kichupa akidai ni virusi vya nyuki, mwambieni apite zake.

Kwa kijana wetu wa Tabora nina neno lake peke yake. Mwanangu, usiishie kusimulia. Nairobi, katika taasisi ya utafiti wa mifugo ya ILRI, kuna watu wanaotafuta faji za kuua Salmonella ya kuku. Kampala, pale Makerere, kuna wanaozisoma. Si mbali, na lugha unayo. Nenda ujifunze, urudi utuambie miombo ya Masito ina faji gani. Mzungu hatakuja kuchimbua udongo wa chini ya mizinga yetu kwa niaba yetu, na akija ataondoka nao.

Ninyi wengine, mzinga ukikutia shaka, acheni kuhamisha masega yake kwenda mzinga mwingine, na kisu kilichoutumikia kipite kwanza motoni. Msinunue masega yaliyotumika wala mizinga mikuukuu kutoka msikokujua. Asali ya dukani msiwalishe nyuki. Kateni kipande cha sega lenye majana, kisicho na asali, kikubwa kama kiganja, kifungeni kwenye karatasi, msitumie nailoni kwa sababu kitaota ukungu, kisha mkipeleke kwa afisa nyuki wa wilaya na kumwomba akifikishe maabara ya veterinari. Majibu yakichelewa, mfuateni tena. Na ile pakiti ya kuku, aliyebaki nayo nyumbani asiitie mzingani.