Pima Kabla ya Kurusha
Somo: 1 Timotheo 3:10

Hapa Changamwe ndege za uwanja wa Moi zatupita juu ya mabati kila siku, kwa hivyo sikushangaa kijana wangu alipoleta nyumbani ndege ya rimoti, ile ya kujiunganishia mwenyewe. Kufikia jioni mabawa yashashikana, propela ishafungwa. Nikamwambia, "Haya, twende uwanjani ukairushe!" Akakataa. (Na hata hivyo si huku kwetu, ndege za watu zinatua.)

Akaweka betri ndani, akaiinua kwa vidole viwili chini ya mabawa, karibu robo ya upana wa bawa kutoka mbele. Mkia ukashuka. "Baba, ikipaa hivi itainua pua, ikose kasi, ianguke." Akasogeza betri mbele kidogo, akapima tena. Mara ya tatu ndipo ikatulia sawa.

Mimi mchungaji nikanyamaza. Paulo anaagiza mashemasi wapimwe kwanza, ndipo wahudumu. Sisi je? Mtu ameokoka Januari, ana sauti nzuri, Machi tushampa maiki na funguo za ofisi. Ndugu mmoja tulimpandisha hivyo hivyo. Alipoanguka tukasema ni shetani. Wapendwa, tulimrusha sisi. Mimi ndiye niliyemwekea mikono.

Alhamisi nilimwendea nyumbani, nikamwomba msamaha. Jumapili atakuja, atakaa viti vya nyuma. Tafadhali, msimkimbizie maiki. Msogeleeni, mpeni chai.