Hiyo Nguo Atavaa Nani?



Mimi nasomea ushonaji na ubunifu wa mavazi hapa Singida mjini. Wengi wakisikia hivyo wanafikiria sare za shule, nguo za kipaimara na magauni ya vitenge ya harusi. Ni kweli, hiyo ndiyo kazi inayoleta hela. Lakini fani hii ina upande mwingine unaonivutia sana, nao ni mavazi ya dhana. Hapo mbunifu haanzi na mteja wala vipimo. Anaanza na swali, na nguo yenyewe ndiyo inayouliza, kama mchoro au sanamu inavyoweza kuuliza. Tofauti ni kwamba sanamu husimama juu ya jiwe, wakati nguo husimama juu ya mwili wa mtu.

Nilipomwonyesha mama yangu picha za nguo za namna hiyo kwenye simu, alicheka, kisha akauliza, "Hiyo nguo atavaa nani?" Alicheka, ila swali lake ni zito kuliko alivyodhani. Naomba tulitafakari kama vijana Wakatoliki.

Nianze na mfano wa jirani. Kampala yupo mbunifu anaitwa Bobby Kolade. Mwaka 2022, kupitia kampuni yake ya Buzigahill, alianzisha kazi aliyoiita "Return to Sender", yaani mrudishie aliyetuma. Anachukua mitumba iliyotoka nchi tajiri, anaifumua, anaunganisha vipande kuwa nguo mpya, halafu anaziuza kulekule zilikotoka. Sisi tunaokwenda mnadani tunajua robota likifunguliwa inakuwaje, watu tunagombania nguo ambazo wengine walishazichoka. Nguo za Kolade zinauliza: nani aliamua kwamba mwili wa huku uvae kilichochokwa na mwili wa kule?

Mfano wa pili uko mbali kidogo, Japani. Kwa msimu wa mwaka 1997, mbunifu Rei Kawakubo wa Comme des Garçons alitoa magauni yaliyojazwa mito kwa ndani: mgongoni, mabegani, nyongani. Mwanamitindo mrembo, mwembamba, anatembea jukwaani akiwa kama ana uvimbe. Wapo waliochukizwa. Lakini swali lilikuwa wazi: nani katuambia kwamba mwili mzuri ni wa umbo moja tu?

Sasa kuna pingamizi ambalo siwezi kulipuuza. Wengine husema, "Watu hawana nguo za kuvaa, halafu ninyi mnakata kitambaa kizuri mtengeneze kitu cha kuonyesha tu?" Bwana wetu katika Mathayo 25 amejitambulisha na mtu aliye uchi anayehitaji kuvikwa. Hakutuambia tumtafakari, alitaka tumvike. Na yule tajiri wa Luka 16 alivaa zambarau na kitani safi huku Lazaro akilala mlangoni pake. Kwa hiyo, nguo ya dhana inayonilisha sifa huku jirani yangu anatetemeka, hiyo ni dhambi iliyoshonwa vizuri. Hapo sina la kubishana.

Lakini tuangalie jambo lingine ambalo tunaliona kila Jumapili na tumelizoea. Kasula ya padre inafanya kazi gani? Haimkingi na upepo wa Singida wa mwezi wa saba. Tena wakati wa joto inamuongezea jasho. Ila zambarau yake ikitokea Jumapili ya kwanza ya Majilio, kanisa zima linajua kipindi kimebadilika kabla hajasema neno. Mtoto akibatizwa anavikwa vazi jeupe, na hakuna anayeuliza kama lile la kwanza lilikuwa limechakaa. Kanisa limetumia nguo kusema mambo tangu zamani.

Soma Kutoka 28. Mungu mwenyewe anaagiza mavazi ya Haruni, na anataka yawe ya utukufu na uzuri. Kifuani yanakaa mawe yaliyochorwa majina ya wana wa Israeli, ili kuhani akiingia patakatifu aingie nayo juu ya moyo wake. Hiyo ni nguo ya dhana kabisa! Lakini ona dhana yenyewe ilivyo. Haimwambii Haruni kwamba yeye ni mkubwa. Inamkumbusha wale anaowabeba.

Hapo ndipo nimeanza kuona mpaka. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika katekesi zake za Jumatano kati ya 1979 na 1984, alifundisha kwa kirefu kwamba mwili unamdhihirisha mtu. Mwili si kasha ambalo mimi nimo ndani yake tu. Ukinigusa mkono umenigusa mimi. Kama ni hivyo, basi hakuna mbunifu mwenye haki ya kuufanya mwili kuwa hanga ya kutundikia wazo lake, hata kama wazo ni zuri namna gani. Sanaa ya mavazi ikimsahau aliyevaa, imepoteza kitu ambacho sanaa nyingine hazina.

Jambo hili nililiona kwa macho kwa mama fundi ninayejifunza kwake kazi. Kuna kwaya ilileta oda ya sare. Katika waimbaji alikuwepo binti mmoja mwenye kibiongo. Sare ikikatwa kwa vipimo vya kawaida, nyuma inapanda juu na mbele inaning'inia. Mtu mmoja akashauri aongezewe mtandio mpana wa kufunika mgongo. Mama fundi hakumjibu. Alimgeukia binti, akamuuliza, "Mwanangu, wewe unataka ikae vipi?"

Binti akasema kwa sauti ndogo, "Shangazi, nataka ikae kama ya wenzangu."

Basi mama fundi akampima upya, mgongo peke yake, taratibu, bila haraka. Akakata kipande cha nyuma kirefu kuliko cha mbele, na pindo likakaa sawa mzunguko mzima. Mgongo hakuuficha. Nguo ndiyo iliyoufuata mwili. Mama fundi hajawahi kumsikia Kawakubo, lakini swali lilelile la Paris alilijibu kwa futi na mkasi, na aliyefaidika alikuwa na jina na sauti ya pili katika kwaya.

Vijana wenzangu, haya hayawahusu mafundi tu. Kwenye semina zetu mada ya mavazi huwa inaishia kwenye urefu wa sketi za akina dada. Staha ni muhimu, na Katekisimu, namba 2521 hadi 2524, inaifundisha kama njia ya kulinda fumbo la mtu, huku ikikubali kwamba sura zake hutofautiana kati ya utamaduni na utamaduni. Ila tukibaki kwenye sentimita tu, tunaweza kumfunika mtu vizuri na bado tukamdharau. Kaka anayemcheka mwenzake kwa viatu vya mtumba amekosa staha hata kama yeye amefunga tai hadi kooni.

Kwa hiyo mimi naendelea kusoma, na nimejiwekea sharti. Kabla sijakata kitambaa nitauliza: nani atavaa, na akishavaa, watu watamwona yeye au watauona ujanja wangu? Wewe nawe jiulize asubuhi mbele ya kioo, na jiulize zaidi unapomtazama mwenzako alivyovaa: je, nimemwona mtu?

Tuombe: Ee Mungu, uliyewashonea Adamu na Eva mavazi hata baada ya kukukosea, tufundishe kuvikana heshima. Mikono yetu isiufanye mwili wa yeyote kuwa chombo. Uwakumbuke wasio na nguo, na utukumbushe sisi tulio nazo. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.