Namba Hairithiwi

Mji wetu wa Eldoret umezoea kuwaona wakimbiaji alfajiri. Leo tumtazame mwanasoka.

Tarehe 7 Novemba 2012, mjini Glasgow, Victor Wanyama, akiwa na miaka 21, aliifungia klabu ya Celtic bao la kwanza kwa kichwa. Barcelona ikalala 2-1. Mwaka uliofuata alijiunga na Southampton, akawa Mkenya wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza.

Kaka yake, McDonald Mariga, alimtangulia Ulaya. Baba yao, Noah, aliichezea AFC Leopards. Soka waliirithi nyumbani, lakini namba kikosini hairithiwi, hutafutwa mazoezini. Basi, mzazi, mwanao akimaliza kazi ya shule, mwache akacheze.