Rehani Isiyokombolewa

Hapa Vudee mtu akibanwa na ugonjwa au ada ya shule, huweka shamba rehani kwa jirani. Muda ukipita bila fedha kurudi, je, mwenye fedha alichukue shamba zima?

Marekani nako swali hili lipo. Katika baadhi ya majimbo, mwenye nyumba asipolipa kodi, serikali ya mtaa humwuzia mtu mwingine hati ya deni hilo. Isipokombolewa, mwenye hati aweza kudai nyumba yenyewe. Huko Minnesota serikali ya mtaa ilijitwalia yenyewe nyumba ya bibi mzee, Geraldine Tyler, aliyedaiwa dola 15,000 hivi. Iliiuza dola 40,000 na kubaki na ziada yote. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu iliamua kwa kauli moja kwamba serikali haina haki ya kutwaa zaidi ya deni. Sheria yetu ya Ardhi ya mwaka 1999 nayo humpa mdaiwa kinachobaki rehani ikiuzwa.

Niliwahi kushika rehani ya shamba. Muda ulipokwisha, mwenyewe alikuwa marehemu. Mjane wake alinijia jioni, akauliza awahamishe watoto lini. Usiku ule nilijumlisha mikungu ya ndizi niliyokwisha kuvuna pale: ilikuwa imelipa zaidi ya nusu ya deni, nami sikuwahi kuihesabu. Nilimwongezea muda, akalipa salio.

Haki ya mdai ni deni lake. Tarehe kupita hakumgeuzi kuwa mrithi.