Mwalimu wa Kiingereza na Kalamu ya Mwanafunzi

Kusoma ni kusikiliza, na kuandika ni kujibu. Mtu aliyefundishwa kusikiliza siku zote, asifundishwe kujibu, hupata nusu ya elimu. Na nusu aliyonyimwa ndiyo ambayo ingempa sauti mbele ya wenzake. Neno hili lamhusu kila mwalimu, lakini lamhusu zaidi mwanachuo ajiandaaye kufundisha Kiingereza, kwa kuwa katika somo hilo ni rahisi mno kufundisha kusoma na kuacha kuandika nyuma.

Isongole, katika wilaya ya Rungwe, ni mahali pa baridi kando ya barabara itokayo Mbeya kwenda Tukuyu, na viazi mviringo hustawi huko. Mtoto wa pande hizo aghalabu husema Kinyakyusa au Kisafwa nyumbani, husoma kwa Kiswahili katika shule ya msingi, kisha akifika sekondari hukuta masomo karibu yote ni kwa Kiingereza. Lugha hii ya tatu haisikii sokoni wala shambani. Humjia ndani ya kitabu. Mwalimu huandika ubaoni, mwanafunzi hunakili. Kwa macho hayo ni kuandika, lakini kwa kweli sivyo: mkono watembea, na fikira zimekaa.

Historia yaonyesha kwamba wenye nguvu waliifahamu tofauti hii zamani. Hannah More, aliyeanzisha shule za Jumapili katika vijiji vya Somerset nchini Uingereza tangu mwaka 1789, aliruhusu watoto wa maskini wafundishwe kusoma, lakini hakuruhusu wafundishwe kuandika. Kabla yake, katika koloni la South Carolina, Marekani, sheria ya mwaka 1740 iliharimisha kumfundisha mtumwa kuandika. Juu ya kusoma haikutaja neno. Sababu si ngumu kuona. Asomaye hupokea maagizo; aandikaye aweza kutoa yake. Mtumwa mwenye kalamu angeweza kujiandikia cheti cha safari akatoroka. Mwalimu wa leo hana nia ya watu wale. Hata hivyo, akiacha kuandika kwa uzito wa kazi tu, mwanafunzi wake hutoka darasani na upungufu ule ule waliokusudia wao.

Wapo wasemao kuwa kusoma hutangulia, kwamba kisima kikavu hakitekwi maji. Wana haki kwa sehemu: asiyesoma hana maneno ya kuandikia. Lakini kuandika nako hurudi kukuza kusoma. Julius Nyerere, aliyekuwa mwalimu wa shule kabla ya kuwa kiongozi wa nchi, alifasiri tamthilia ya Shakespeare juu ya Julius Caesar, na tafsiri ikatolewa mwaka 1963. Hakuridhika nayo, aliirudia, na mwaka 1969 ikatoka upya kwa jina la Juliasi Kaizari. Msomaji aweza kulipita neno gumu pasipo kujulikana. Mwenye kuandika hana pa kulikwepea. Vivyo hivyo mwanafunzi aliyehangaika kuanza aya yake mwenyewe ndiye atakayetambua jinsi mwandishi mwingine alivyoanza ya kwake.

Udhuru mkubwa ni wingi wa kazi, nao si wa uongo. Darasa la wanafunzi 60, kila insha ikisahihishwa kwa dakika 5, hudai dakika 300, yaani saa 5 kamili, na hilo ni darasa moja tu. Lakini kuandika si lazima kuwe insha ndefu. Aya moja ya sentensi tano yatosha. Wanafunzi wawili waweza kubadilishana madaftari, kila mmoja aulize asipoelewa. Mwalimu naye achukue madaftari 15 kwa zamu, ili kila mmoja asomwe naye katika kila duru ya nne. Wala asahihishaye asiishie katika kupiga mistari myekundu chini ya makosa ya sarufi. Ajibu pia jambo lililosemwa, maana mtoto asiyejibiwa hujifunza kuwa aliandika bure.

Na mtoto wa mkulima wa viazi ana la kusema. Yupo katika nyumba ilalamikayo juu ya lumbesa, gunia lishindiliwalo hadi kupita mdomo wake, huku mkulima akilipwa bei ya gunia moja. Hakuna kitabu cha Shakespeare kielezacho jambo hilo. Mwanafunzi akitakiwa kulieleza kwa Kiingereza, aseme kwanza desturi ilivyo, kisha hasara yake kwa hesabu, mwisho dawa aionayo, atakuwa amejifunza lugha na hoja kwa pamoja. Hoja aliyojua kuipanga kwa Kiingereza ataipanga pia kwa Kiswahili, siku atakapomwandikia barua afisa wa kijiji kwa niaba ya wazazi wake.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Wanachuo wa ualimu wa Tukuyu na Mpuguso, na wenzao wa kwingineko, watakabidhiwa watoto wenye mali ya fikira. Kuwafundisha kusoma ni kuwapa mali za wengine, nayo ni hisani kubwa. Kuwafundisha kuandika ni kuwapa daftari la mali yao wenyewe, na hilo ni haki yao.